Ashrafu Mwinjuma, Mwangalizi wa Boila, na Radhi Aliyoingoja

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, wazee wa Mkange, wakwe zetu mliotoka Bagamoyo mjini, wenzake wa kazini mliotoka Mapinga, majirani, wake kwa waume, anayewasomea ni Majaliwa, mjomba wa marehemu, lakini maneno ni yangu mimi Mwanvita, bibi yake mzaa mama, niliyemlea tangu akiwa mchanga. Mimi shule sikwenda, nimesema yeye akaandika, nikamwambia asinipunguzie neno, na tumeomba yasomwe hapa uani, kabla jeneza halijatoka, kwa sababu makaburini wanawake hatufiki, na yupo mwanamke mmoja ambaye nataka ayasikie.

Ashrafu alizaliwa hapa hapa Mkange, siku ya Jumapili, tarehe 9 Machi 1986, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinagonga makuti, akiwa mtoto wa kwanza wa binti yangu Sihaba na mumewe Mwinjuma, mkulima wa ufuta, na akawa ndiye wa mwisho pia, maana Sihaba hakuinuka kwenye uzazi ule, alitutoka tarehe 21 Machi, na mtoto akabaki mikononi mwangu analia, mimi kifua kimekwisha kukauka miaka mingi, maziwa ya mbuzi anayatapika, uji wa mchele anautema. Siku ya tatu ya msiba akaingia jirani yetu Ashatu, kijana wakati ule, mwanawe Sharifu wa miezi miwili mgongoni, akasema mbele ya watu, "Nipeni huyo, ziwa moja la huyu na moja la yule, Mungu hakunipa mawili kwa mapambo," wanawake wakacheka na machozi yao, na kuanzia siku hiyo Ashrafu alinyonya kwa Ashatu mpaka alipotimiza mwaka na nusu. Kwa hiyo mnaojua dini mnajua, na msiojua nawaambia, Ashatu ni mama yake Ashrafu wa kunyonya, na Sharifu alikuwa ndugu yake, haramu kwa haramu, halali kwa halali, kama waliotoka tumbo moja.

Baba yake alihamia Chalinze kufanya biashara kwenye maegesho ya malori, akaoa huko, akafariki mwaka 1999, Mungu amrehemu, na Ashrafu akabaki wangu. Alianza Shule ya Msingi Mkange mwaka 1994, yeye na Sharifu dawati moja, akamaliza mwaka 2000, na katika miaka hiyo ndipo nilipomwona kwanza akishughulika na kitu ambacho baadaye kilikuja kuwa kazi yake, maana maji ya visima vyetu mnayajua, yana chumvi na chokaa, sabuni haitoki povu, na birika likikaa mwezi mmoja linavaa ukoko mweupe kwa ndani. Yeye alikuwa akikaa na msumari anaubandua ule ukoko kipande kipande, ananiuliza, "Bibi, haya mawe yalikuwa ndani ya maji, mbona sikuyaona?" nami namjibu, "Mume wangu, wewe bandua tu, chai inangojewa," maana ndivyo tulivyokuwa tukiitana mimi na yeye kwa utani wetu.

Alisoma sekondari Bagamoyo kuanzia mwaka 2001 hadi 2004, akaishi kwa watu, akapasi kwa kiasi chake, kisha akaenda chuo cha ufundi mwaka 2006 kusomea mabomba na mitambo ya mvuke, akahitimu mwaka 2007, akafanya kazi ya mabomba kwenye hoteli moja ya ufukweni hapo Bagamoyo, na tarehe 3 Novemba 2010 akaajiriwa katika kiwanda cha vitambaa kule Mapinga, akiwa mtu wa boila na maji, kazi aliyoifanya mpaka siku nitakayoieleza.

Watu wengi walikuwa wakimuuliza anafanya nini huko, na wengine walidhani anapika chai ya kiwanda kizima, basi nieleze kama alivyonieleza mimi. Boila ni birika kubwa kuliko chumba, linachemsha maji yatoe mvuke wa kupikia rangi na kung'arishia nguo, na maji ya Mapinga ni ndugu wa maji ya Mkange, yakichemka yanaacha ukoko kwenye mabomba, ukoko ukinenepa moto haupiti, chuma kinaungua, na siku moja linapasuka. Ndiyo maana ilikuwapo dawa, inaitwa fosfoneti, inakuja kwenye mapipa ya bluu, inadondoshwa kwenye maji kidogo kidogo, na mimi nilipomuuliza kama dawa hiyo inaiua chokaa alicheka, akasema, "Haiui, bibi, inaishika mkono, kama kungwi na mwali wake kwenye halaiki, anamshika asikae chini, asijibanze ukutani, anatembea naye tu mpaka wametoka mlango wa pili." Akaniambia hoteli zinazogeuza maji ya bahari kuwa matamu wanaitia hiyo hiyo ili machujio yao yasizibe, na minara ya kupoozea mitambo inaitaka, na hata kwenye sabuni nyingine za unga imo kidogo, na kule kwao waliitia pia kwenye maji ya kung'arishia bafta, kwa sababu maji yana kutu ndani yake, na kutu ikikutana na dawa ya weupe kitambaa kinatoboka kama kimeliwa na mende, lakini fosfoneti inaikamata ile kutu kwanza, na bafta inatoka nzima. Bafta nyingi za pale zinakwenda kuwa sanda, alinitajia hilo mara moja, hakulirudia.

Na yale mapipa ya bluu yalimletea maneno, maana huku kwetu pipa ni mali, la harusi, la msiba, la maji ya masika, na kila aliyemjua alitaka moja, lakini yeye yakiisha alikuwa akiyatoboa kwa mtaimbo kabla hayajatoka getini, asije mtu akanywea maji humo, na watu wakamwita mchoyo mpaka hapa barazani, "Mtoto wa Mwinjuma bora atoboe kuliko atoe," naye akipita anawaamkia, "Shikamooni wazee, mapipa yote yana macho, hayafai," wakacheka nusu, wakanuna nusu. Nasema hili ili mjue alikuwa mtu wa namna gani katika kazi, alikuwa mwoga kwa ajili ya watu wengine, na ndiyo sababu yaliyompata hayaniingii akilini hata sasa.

Alifunga ndoa na Hafidha binti Mahmoud wa Bagamoyo mjini siku ya Ijumaa, tarehe 20 Desemba 2013, na siku ile Ashatu alikaa mahali pa mama wa bwana harusi, kwa haki yake, akapokea heshima zake, akacheza mpaka kisigino kikavimba, akasema, "Maziwa yangu yameoa mjini!" Mungu akawajaalia watoto wawili, Swaumu aliyezaliwa tarehe 2 Julai 2015, ndani ya mwezi wa Ramadhani, ndiyo maana ya jina lake, na Ibrahimu aliyezaliwa tarehe 11 Mei 2019, wote wamo humu ndani, huyo mkubwa anaelewa, huyo mdogo tangu asubuhi anauliza baba ataamka saa ngapi.

Mwaka 2021, ufuta ukiwa umekufa kwa jua, Ashatu alikuja kwangu akanikuta nachambua kisamvu, akasema, "Mama, mtoto wetu mmoja amekuwa mtu, na amshike mkono mwenziwe," nikampigia simu Ashrafu, na kabla sijamaliza akasema, "Bibi, kwani hilo la kuombwa?" na Sharifu akaingia kiwandani mwezi wa tisa, akawa msaidizi wake kwenye boila, wakapanga vyumba nyumba moja Mapinga, na waliokuwa wakiwaona wanasema walikuwa wakigombana kwa mzaha kutwa nzima kama wake wenza waliozeeka pamoja.

Mwezi wa pili wa mwaka jana dawa ilikwisha. Ikasemwa dola hazipatikani, ikasemwa mzigo uko njiani, ukangojwa Machi, ukangojwa Aprili, na maji hayakungoja, yalikuwa yakiacha ukoko wake kila siku, mpaka mwezi wa tano boila likawa linakula kuni mara mbili na mvuke hautoshi, kwa hiyo ikaamuliwa lizimwe, lioshwe kwa tindikali, kisha mtu aingie kwa tundu la juu na nyundo, agonge kilichobaki. Kazi ya kuingia ilikuwa ya Ashrafu, tangu 2010 alikuwa akiingia yeye, hakumwachia mtu.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Juni 2024, boila limepoa, kiwanda kimefungwa, na ilikuwa siku ya Arafa, kesho yake ni Idi. Ashrafu alikuwa amefunga, maana funga ya Arafa hakuikosa tangu akiwa sekondari, na Sharifu hakufunga, alikuwa anamalizia dozi ya malaria. Jumamosi walimimina tindikali, Jumapili asubuhi wakaisuuza, wakafungua tundu, wakanusa, na ule ukali wa tindikali unaochoma pua haukuwapo tena, wakaona pamekuwa salama. Ashrafu alivaa ovaroli yake akasimama juu ya tundu na nyundo mkononi, kisha akafikiri, haya ameyasema mwenyewe kwa kinywa chake, akafikiri lile vumbi la chokaa likimwingia kooni litamharibia saumu, siku yenyewe ni moja kwa mwaka, akasita. Na Sharifu alipomwona amesita akajua, akampokonya nyundo, akasema, "Pacha, mimi mkubwa wako kwa miezi miwili, nilikupisha kwenye ziwa, leo nipishe kwenye boila," wakacheka, akaingia.

Akagonga. Ashrafu akamsikia akigonga, akamwita, "Unaendeleaje mzee mzima?" akajibiwa kwa tusi la utani, akagonga tena, kisha nyundo ikanyamaza. Daktari alikuja kutueleza baadaye, kwamba tindikali na chokaa zikikutana hutoa hewa nzito isiyo na harufu, haipandi juu ikatoka, inatulia chini kama maji kwenye mtungi, na anayeivuta hapigi kelele. Ashrafu hakuyajua hayo ya kutulia, alijua ya mabomba na ya dawa, hili hakuna aliyemfundisha, na alipomwita ndugu yake mara ya pili kimya, hakutafuta kamba, hakuita mtu, aliingia kichwa mbele. Mlinzi wa getini ndiye aliyeiona ngazi imebaki peke yake, akakusanya watu, wakawatoa kwa kamba, Sharifu akiwa amekwisha kata roho, na huyu wangu akiwa na pumzi kidogo, akamwagiwa maji usoni, mengine yakamwingia mdomoni, hivyo funga yenyewe haikufika magharibi.

Idi ile tulimzika Sharifu. Ashrafu alilazwa hospitali Bagamoyo, akahamishiwa Dar es Salaam, akakaa huko mpaka mwezi wa nane, akaletwa hapa kwangu, kwa sababu Hafidha asingeweza peke yake kumbeba, miguu ikiwa haimtii, mikono inatetemeka, siku nyingine anasahau jina la Ibrahimu, lakini ile siku moja hakuisahau hata kidogo. Watu wazima waliomtembelea hospitali walimshauri lile la funga alinyamazie, wakasema ni ajali, kila mtu na siku yake, mama wa watu ana jeraha la kutosha, naye akakataa, Ashatu alipokwenda kumtazama akamwambia lote, kuanzia kusita kwake mpaka nyundo kutwaliwa mkononi. Ashatu aliinuka kwenye kiti. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu amekufa ili wewe koo lako libaki safi," akatoka, na hakukanyaga tena alipo Ashrafu.

Nilikwenda kwake mimi, mwezi wa tisa, nikitambaa na fimbo yangu, nikamwambia Ashatu mwanangu, mtoto anaomba radhi, hali chakula, kila Ijumaa anataka akalishwe barazani atazame njia ya kwako, na wewe siku hizi unapitia mashambani. Alinikaribisha vizuri, alinipa maji, akaniambia, "Mama, maziwa yangu yalikuwa ya wawili, leo sina hata mmoja, yule yuko mchangani na huyu macho yangu hayawezi kumtazama. Mwambie hiyo funga yake Mungu ndiye wa kuipokea, mimi kinywa sina." Nilirudi, nikamwambia Ashrafu sikumkuta nyumbani, akanitazama, akajua.

Akaja sheikh wetu kumliwaza, Mungu amlipe kwa nia yake, akamkuta analia, akamuuliza, akaelezwa, akamwambia kwa upole, "Mwanangu usijitese, na tena vumbi linalomwingia mtu kazini bila kulikusudia halibatilishi saumu, ungeingia tu funga yako ingekuwa salama." Alidhani anampunguzia. Ashrafu alisema, "Kumbe," akageuka ukutani, na tangu siku ile hakuomba tena kukalishwa barazani. Wenzake wa kazini walipokuja mwezi wa kumi wakamwambia fosfoneti imefika, mapipa mengi, boila ni safi, mvuke unatosha, hakuwauliza neno, akawaombea heri.

Mwaka huu mwezi wa kwanza kifua kilianza kumbana, ikaonekana mapafu yameingia maji, akarudishwa hospitali Bagamoyo tarehe 4 Februari, na jana, siku ya Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, baada ya sala ya alasiri, Hafidha akiwa upande wa kichwa na mimi upande wa miguu, akafariki, akiwa na miaka thelathini na minane. La mwisho nililolisikia kwake, kabla ya shahada, aliuliza, "Mama amekuja?" Hafidha akadhani anamwulizia Sihaba, kama wanavyofanya wanaokaribia, akamjibu mama anakungoja. Mimi nilijua anayemwulizia yu hai, yuko Mkange, hajaja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bagamoyo na wa Dar es Salaam, waliomhangaikia kwa miezi minane bila kutuchoka, inawashukuru majirani wa Mkange kwa kuchota maji, kwa kuni, kwa kulala nasi, inawashukuru majirani wa Mapinga waliowatunza watoto, inawashukuru wafanyakazi wenzake, na yule mlinzi wa getini aliyeita watu, ambaye nimeambiwa amesimama nyuma kule, baba, sogea ukae, huna kosa. Inamshukuru Hafidha, mke aliyeolewa na mzima akabaki na mgonjwa, hajanuna siku moja.

Na ninamshukuru Ashatu binti Ridhiwani. Nimeambiwa amekuja tangu alfajiri, yuko upande wa jikoni, hajasema na mtu. Ashatu mwanangu, sikuiti uje mbele, wala sikuombi useme kwa sauti watu wakusikie. Katika desturi yetu sasa hivi sheikh atauliza kama yupo mwenye haki kwa marehemu, na wote watajibu tumemsamehe, watajibu upesi, kwa sababu wao hakuwakosea, alitoboa mapipa yao tu, na jibu lao halimfai kitu. Mwenye haki ni wewe. Mtoto huyu alikula kwako akaishi, akamchukua mwanao akafa naye, hilo silipunguzi, na mimi niliyezika binti kisha mjukuu sina ubavu wa kukwambia uchungu huisha, haujaisha, mwaka wa thelathini na tisa huu. Kama moyoni mwako lipo neno, liseme humo humo, Mungu anasikia hata la jikoni. Kama halipo, basi halipo, nami sitakuja tena na fimbo yangu kukuuliza, tutachota maji kisima kimoja kama zamani na nitakuamkia kwa jina lako.

Ila wanaume wakiinua jeneza usitoke kwa mlango wa nyuma. Kaa mpaka lipite.

Ashrafu, baba yangu, nenda. Radhi yangu unayo yote, ni ya bibi, haitoshi, najua haitoshi, ndiyo niliyonayo. Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani uliyoikosa kwetu.